Namna ya Kutabiri Dhoruba Kali za Radi

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa, ili wanafunzi wayasome tena darasani.

Natumaini madaftari yenu yako mezani, na mwalimu amekwisha kuandika ubaoni maneno manne ya leo: dhoruba, utabiri, angalizo na onyo. Kama bado hajaandika, tafadhali aandike sasa.

Leo tutajifunza habari za kazi moja ngumu sana, yaani kazi ya kutabiri dhoruba kali za radi katika bara la Amerika ya Kaskazini. Pengine mmoja wenu ananiuliza, "Amerika ni mbali, habari za mvua yao zinatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri. Jibu langu ni kwamba sehemu za katikati ya bara lile ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye dhoruba kali kupita nyingine, na watu wa huko wamejifunza kwa hasara nyingi namna ya kuzitazamia. Tena wamejifunza jambo ambalo kila mtu mwenye redio anapaswa kulijua, nalo ni namna ya kusikiliza utabiri. Maana mtu anaweza kujua kusoma tangazo la hatari neno kwa neno, lakini asipojua tangazo lile linamwambia nini, kisomo chake hakitamwokoa.

Basi nitawaachia swali moja. Kama mtabiri amesema, "Leo kuna hatari ya dhoruba," nawe ukangoja mpaka usiku usione hata tone la mvua, je, mtabiri huyo amesema uongo? Liwekeni swali hili moyoni. Tutalijibu mwisho wa somo.

BARA LISILO NA UKUTA

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Kama darasani mna ramani ya dunia, mwalimu awaonyeshe Amerika ya Kaskazini. Upande wa magharibi mtaona safu ndefu ya milima, nayo inaitwa Milima ya Rocky. Milima hiyo inatoka kaskazini kwenda kusini. Upande wa mashariki wa milima hiyo kuna nchi tambarare, pana mno, yenye mashamba ya ngano na mahindi. Kusini kuna bahari yenye maji ya joto, yaani Ghuba ya Meksiko. Kaskazini kuna nchi ya baridi, Kanada.

Sasa angalieni jambo moja. Kati ya bahari ile ya joto na nchi ile ya baridi hakuna safu kubwa ya milima inayokata nchi kutoka magharibi kwenda mashariki. Hakuna ukuta. Hewa ya joto yenye unyevu kutoka kusini husafiri kwenda kaskazini bila kizuizi, na hewa ya baridi kutoka Kanada huteremka kusini bila kizuizi. Zinapokutana, hapo ndipo vita huanza.

Huko kwao mwezi wa Juni, Julai na Agosti ni majira ya joto. Msidhani kuwa ni kiangazi kama kiangazi chetu, chenye ukame. Katika sehemu nyingi za nchi ile tambarare, majira ya joto ndiyo pia majira ya mvua za radi.

VITU VINNE NA KIFUNIKO

Mama zangu hapa watanielewa upesi. Huwezi kupika ugali kwa unga peke yake. Unataka maji, unga, moto, na mkono wa kusonga. Kimoja kikikosekana, ugali hakuna. Dhoruba kali ya radi pia ina mahitaji yake, nayo ni manne.

La kwanza ni unyevu, yaani mvuke wa maji ulio hewani. Mvuke huu hutoka katika ile ghuba ya kusini, na mwingine hutoka katika ardhi na mimea. Mashamba makubwa ya mahindi hutoa mvuke mwingi wakati wa majira ya joto.

La pili ni joto chini na baridi juu. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda. Inapopanda hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa matone madogo. Hayo matone ndiyo wingu. Tena mvuke unapogeuka matone hutoa joto, na joto hilo huisukuma hewa ile ipande zaidi. Hivyo wingu la radi hukua haraka sana. Kimo cha Mlima Kilimanjaro ni mita 5,895. Wingu la radi kali laweza kupanda kilomita 12, au 15, hata zaidi. Maana yake ni kuwa mlima wetu ungewekwa juu ya mlima mwingine kama huo, bado wingu lingevipita vyote viwili.

La tatu ni kichocheo, yaani kitu cha kuisukuma hewa ianze kupanda. Mara nyingi ni mahali ambapo hewa ya baridi huingia chini ya hewa ya joto na kuiinua, kama mtu aingizavyo koleo chini ya mchanga.

La nne ni tofauti ya pepo. Upepo wa chini ukienda upande mmoja, na upepo wa juu ukienda upande mwingine kwa nguvu zaidi, wingu huinama. Mvua yake huangukia kando, haiizimi hewa ya joto inayopanda. Kwa hiyo wingu hilo huishi saa nyingi badala ya kufa upesi. Mengine huanza hata kuzunguka. Katika mawingu hayo yanayozunguka ndimo hutoka mvua ya mawe makubwa, na ndimo hutoka tonado, ambao ni upepo unaozunguka kama kisulisuli, lakini wenye nguvu ya kubomoa nyumba ya matofali.

Sasa kuna jambo la tano, nalo ndilo linalowasumbua watabiri kuliko yote. Ni kifuniko. Mara nyingi hewa kavu ya joto kutoka nyanda za juu za Meksiko na jangwa la kusini-magharibi huja na kutanda juu ya ile hewa yenye unyevu. Huifunika kama kifuniko cha sufuria. Hewa ya chini inataka kupanda lakini haiwezi. Kifuniko kikiwa kizito, siku nzima hupita bila dhoruba. Jua huwaka tu na watu hutokwa jasho. Kikiwa chepesi kidogo, joto hujikusanya chini tangu asubuhi, kisha alasiri kifuniko hufunguka ghafula, na mawingu hulipuka mahali ambapo saa moja kabla palikuwa na anga safi.

Basi mtabiri anaweza kuona mahitaji yote manne yako jikoni. Swali linabaki moja: je, leo kifuniko kitafunguka? Na kama kitafunguka, kitafungukia wapi?

KAMBI YA NDEGE, MWAKA 1948

Zamani idara ya hali ya hewa ya Marekani haikuwa tayari hata kulitamka neno tonado katika utabiri wake. Katika miaka ya 1880, ofisa mmoja wa jeshi aliyeitwa John Finley alijaribu kutabiri siku za tonado. Lakini wakubwa walikataza neno hilo lisitumiwe. Walihofu kwamba watu wangeingiwa na hofu, na kwamba hofu ile ingeleta madhara mengi kuliko tonado wenyewe. Katazo hilo lilidumu miaka mingi.

Tarehe 20 Machi 1948, usiku, tonado uliipiga kambi ya ndege za jeshi ya Tinker, karibu na mji wa Oklahoma City. Utabiri wa jioni ile haukutaja dhoruba yo yote. Ndege nyingi zilivunjwa, na hasara ilikuwa zaidi ya dola milioni 10. Maofisa wawili wa hali ya hewa wa kambi ile, Meja Ernest Fawbush na Kapteni Robert Miller, wakaamriwa wachunguze kama jambo kama lile laweza kujulikana mapema. Walikusanya ramani za siku za nyuma ambazo tonado zilitokea, wakazilinganisha, wakatafuta mambo yanayofanana.

Siku tano tu baadaye, tarehe 25 Machi, walitazama ramani ya asubuhi, wakaona inafanana sana na ile ya tarehe 20. Mkuu wa kambi aliwauliza kama watatoa utabiri. Lilikuwa jambo la kutia hofu. Wakikosea, watachekwa. Wakinyamaza na tonado ukaja, watajilaumu maisha yao yote. Basi waliandika utabiri wa tonado. Ndege zikaingizwa ndani, vitu vilivyolegea vikafungwa, watu wakaondolewa mahali pa hatari. Jioni, kama saa kumi na mbili, tonado ukapita katika kambi ile ile. Mali iliharibika tena, lakini hakuna mtu aliyeumia.

Ndugu zangu, tusidanganyike. Tonado kupiga mahali palepale mara mbili kwa siku tano ilikuwa ni bahati ya ajabu. Fawbush na Miller hawakuweza kujua kwamba utapiga kambi yao hasa. Walichojua ni kwamba mahitaji yote yamekusanyika katika sehemu ile ya nchi. Lakini hilo lilitosha kuwafanya watu wachukue hadhari, na hadhari ile iliokoa watu.

Mwaka 1950 mkuu wa idara ya hali ya hewa aliwaandikia maofisa wake kuwaeleza kwamba hakuna amri inayowakataza kutabiri tonado. Mwaka 1952 likaundwa kundi la watabiri wa dhoruba kali kwa ajili ya nchi nzima. Mwaka 1954 kundi hilo lilihamia Kansas City, na mwaka 1997 likahamia mji wa Norman, katika jimbo la Oklahoma. Kituo hicho kinafanya kazi usiku na mchana.

MACHO YA WATABIRI

Watabiri hawa wanaonaje hewa ya bara zima? Wana macho ya namna nyingi.

Jicho la kwanza ni puto. Mara mbili kila siku, kwa saa moja iliyopangwa duniani kote, vituo vingi hurusha maputo makubwa yaliyojazwa gesi nyepesi. Kila puto limebeba kisanduku chenye vipimo vya joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Linapopanda, kisanduku hutuma habari kwa redio, na mwendo wa puto huonyesha upepo wa kila kimo. Puto hupanda kiasi cha kilomita 30, likivimba kadiri linavyopanda, mpaka likapasuka. Puto ndilo linalomwambia mtabiri kama kifuniko kipo, na uzito wake ni kiasi gani.

Jicho la pili ni setilaiti, chombo kilicho juu sana, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka duniani, kinachopiga picha za mawingu ya bara zima kila dakika chache.

Jicho la tatu ni rada. Rada hupeleka mawimbi ya redio, nayo hugonga matone na mawe ya mvua na kurudi. Kwa kuyapima yaliyorudi, mtabiri hujua mvua iko wapi, ni nzito kiasi gani, na upepo ulio ndani ya wingu unakwenda upande gani. Marekani ina mtandao wa rada za hali ya hewa kama 160.

Kisha habari zote hizi huingizwa katika kompyuta kubwa. Kompyuta hupiga hesabu za mwendo wa hewa, ikatoa picha ya hewa itakavyokuwa baada ya saa moja, saa sita, au siku tatu. Lakini vipimo havienei kila mahali, na kosa dogo la asubuhi laweza kuwa kosa kubwa jioni. Kwa hiyo hawapigi hesabu mara moja tu. Huzipiga mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya mwanzo. Majibu yakielekea kufanana, mtabiri hupata moyo. Yakitawanyika, hujua kwamba siku ile ni ya mashaka, na huwaambia watu hivyo.

KUMI NA TANO KWA MIA

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwalimu atie katika bakuli mbegu mia moja: punje 85 za mahindi na punje 15 za maharage. Mwanafunzi mmoja afumbe macho, atoe mbegu moja. Je, atatoa haragwe? Labda hapana. Lakini akirudisha mbegu, bakuli likatikiswa, akatoa tena na tena, mara kwa mara haragwe litatoka.

Watabiri wa Norman husema hivyo hivyo. Hawasemi, "Dhoruba itapiga nyumba ya fulani." Wanasema, "Katika eneo hili leo, nafasi ya kutokea dhoruba kali ndani ya kilomita 40 za mahali ulipo ni 15 kwa mia." Dhoruba kali, kwa kipimo chao, ni ile yenye mawe ya mvua yenye upana wa sentimita 2 na nusu au zaidi, au upepo wa kilomita 93 kwa saa au zaidi, au tonado.

Mtu atasema, "Kumi na tano kwa mia ni kidogo, ngoja niende zangu." Lakini kumbukeni kwamba siku nyingi nafasi hiyo haifiki hata tatu kwa mia. Siku ya 15 kwa mia si siku kama siku nyingine. Ni kama barabara ambayo kwa kawaida haina nyoka, na leo jirani amekuambia ameona mmoja kichakani. Huachi kusafiri, lakini unatazama unapokanyaga.

Ili watu waelewe upesi, tangu mwaka 2014 kituo kile kinaigawa hatari katika viwango vitano, kuanzia kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa, na kila kiwango kina rangi yake katika ramani.

IJUMAA, TAREHE 29 JUNI 2012

Sasa nitawapa mfano wa siku moja ambayo kazi hii ilionekana ugumu wake wote.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Juni 2012, nusu ya mashariki ya Marekani ilikuwa katika joto kali. Huko Washington, mji mkuu, joto lilifika digrii 40 za Sentigredi siku hiyo. Unyevu ulikuwa mwingi. Joto lilikuwapo chini, tele. Lakini kifuniko nacho kilikuwapo, kizito, juu ya sehemu kubwa ya nchi. Watabiri waliona hatari, lakini utabiri wa asubuhi uliiweka katika kiwango cha chini.

Karibu na mji wa Chicago kukatokea kundi la mawingu ya radi. Lingeweza kufa kama yalivyokufa makundi mengine. Halikufa. Mvua yake iliipoza hewa, na hewa ile baridi, kwa kuwa ni nzito, ilianguka chini na kutawanyika mbele kwa kasi. Ilipokimbia mbele iliiinua hewa ya joto iliyokuwa ikingoja, mawingu mapya yakazaliwa, nayo yakamwaga hewa nyingine ya baridi. Mnajua moto wa nyika unavyokwenda: majani yanayowaka huyawasha yaliyo mbele yake. Dhoruba ile ilikwenda vivyo hivyo. Wamarekani huiita derecho, neno la Kihispania lenye maana ya kunyoka, kwa sababu upepo wake hauzunguki kama tonado, bali huenda moja kwa moja kama ukuta.

Mchana ulivyoendelea, watabiri waliona mambo yamebadilika, wakapandisha kiwango cha hatari. Dhoruba ilivuka Indiana na Ohio, ikapita milima ya West Virginia, na usiku ikafika Washington. Ilisafiri kiasi cha kilomita 1,100, ikagusa majimbo 10. Mahali pengi upepo ulipimwa kuwa zaidi ya kilomita 129 kwa saa. Kwa hesabu ya idara ya hali ya hewa, watu 13 waliuawa na upepo, wengi wao kwa kuangukiwa na miti. Wateja wa umeme kiasi cha milioni 4 walikatikiwa na umeme, wengine kwa muda wa juma zima. Na lile joto halikuondoka. Katika sehemu zilizokosa umeme, watu 34 walikufa kwa joto siku zilizofuata.

Baadaye idara yenyewe ilichunguza kazi yake na kukiri kwamba dhoruba ile haikutabiriwa vyema siku za mbele. Lakini ilipokwisha kuzaliwa, rada ziliiona, na maonyo yalitolewa mji kwa mji kabla haijafika. Hapo ndipo mnaona kwamba utabiri si neno moja la asubuhi. Ni mazungumzo ya siku nzima. Aliyesikiliza asubuhi tu alisikia habari ya hatari ndogo. Aliyesikiliza tena jioni alisikia kwamba ukuta wa upepo unakuja.

ANGALIZO NA ONYO

Sasa turudi kwa maneno mawili yaliyoko ubaoni. Wengi huyachanganya, hata huko Amerika.

Angalizo maana yake ni kwamba mahitaji ya dhoruba yamekusanyika. Jikoni kuna kila kitu. Hutolewa kwa eneo kubwa na kwa muda wa saa kadhaa. Ukisikia angalizo, endelea na kazi, lakini weka redio karibu, jua watoto wako wapi, na fikiri utakimbilia wapi.

Onyo maana yake ni kwamba dhoruba imekwisha kuonekana, kwa rada au kwa macho, nayo inakuja. Hutolewa kwa eneo dogo, na mara nyingi kwa muda usiozidi saa moja. Ukisikia onyo, usiende uani kutazama mawingu. Ingia mara moja katika nyumba imara, mbali na madirisha. Usisimame chini ya mti. Na kumbuka jambo hili: ukiweza kuisikia ngurumo, basi uko karibu kiasi cha kuweza kupigwa na radi.

Tarehe 22 Mei 2011, mji wa Joplin katika jimbo la Missouri ulipigwa na tonado ulioua watu zaidi ya 150. Onyo lilikuwa limetolewa dakika 17 kabla tonado haujagusa ardhi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba watu wengi hawakukimbia walipopata onyo la kwanza. Walikuwa wamezoea kusikia ving'ora na kuona hakuna kitu. Walingoja waone dalili nyingine kwa macho yao. Wengine walipoiona, nafasi ya kukimbia ilikuwa imekwisha.

Basi sasa tunaweza kulijibu swali letu. Mtabiri aliyesema kuna hatari, na hatari isifike kwako, hakusema uongo. Huenda kifuniko hakikufunguka. Huenda kilifunguka, na mawe yakaanguka kilomita 30 kutoka kwako, katika shamba la mtu mwingine, ambaye jioni ile hakusema kwamba mtabiri ni mwongo. Mtabiri huyo angekuwa mwongo kama angesema 15 kwa mia siku nyingi sana, na katika siku hizo dhoruba isitokee hata mara moja. Kwa hiyo watabiri huhesabu kazi yao mwaka baada ya mwaka, wakilinganisha walichosema na kilichotokea. Hivyo ndivyo mtabiri anavyopaswa kupimwa. Usimpime kwa siku yako moja.

Na huku kwetu? Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanajua dhoruba za usiku. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hutoka pwani zote kuelekea ziwani, hukutana katikati, na hewa yenye unyevu husukumwa juu. Mahitaji ni yaleyale tuliyoyaeleza. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania nayo hutoa matangazo ya hali mbaya ya hewa kwa ngazi: rangi ya njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Mnaona kwamba maneno hayagawanywi sawasawa na kule Amerika, lakini shabaha ni moja: kukupa nafasi ya kufanya jambo kabla ya upepo kufika.

Ndugu yangu mvuvi, mara tisa utavuta mtumbwi mchangani kwa sababu ya tangazo, na ziwa litulie, na wenzako wakucheke. Vuta mtumbwi hata mara ya kumi. Samaki wa usiku mmoja watapatikana usiku mwingine.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Taja mahitaji manne ya dhoruba kali ya radi.
2. Kifuniko ni nini, na kwa nini kinawasumbua watabiri?
3. Fawbush na Miller walijua nini tarehe 25 Machi 1948, na nini hawakuweza kujua?
4. Eleza tofauti ya angalizo na onyo kama yanavyotumika Marekani.
5. Fanyeni ile hesabu ya mbegu mia moja. Toeni mbegu mara ishirini, mkirudisha kila mara. Andikeni haragwe lilitoka mara ngapi.
6. Kila mwanafunzi aandike mistari mitatu: nyumbani kwangu, onyo la dhoruba likitolewa usiku, nani atalisikia, nani atawaamsha wengine, nasi tutakwenda wapi?

Swali la sita msiliache darasani. Lipelekeni nyumbani, mkalisome mbele ya jamaa zenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.